Mstari wa Penseli

Kama umewahi kuoza mtoto Kariakoo, wimbo wa "Eda" umeusikia, na pengine umelia. Lia tu, hukatazwi. Mimi niliuitikia miaka mingi, mstari wa mbele wa waitikiaji wa Marashi Musical Club, gauni la satini na mkono kiunoni, na machozi yangu yaliisha zamani. Kilichobaki ni hasira, nayo nimeitunza vizuri. Kila wimbo ule ulipopigwa redioni mtangazaji alisema utunzi na sauti ni vya Awadhi. Sauti, sawa. Hilo sibishi.

Awadhi alikuwa karani bandarini, na jioni ndiyo akawa Awadhi yule mnayemjua. Mwanamume mtanashati, kofia yake haikupata kuonekana na doa, na sauti Mungu alimmiminia bila kupima. Maneno ndiyo aliyonyimwa. Tuni hazikuwa shida. Siku zile klabu zote zilizitoa sinema: Jumapili watu wanaangalia filamu ya Kihindi, wiki haijaisha tuni imeshavalishwa Kiswahili. Wengine walibandika maneno yoyote yaliyoenea. Awadhi, nimpe haki yake, alitaka kujua yule mwanamke anayelia kwenye pazia analilia nini hasa. Basi alikuwa akiingia na karatasi, anaandika Kihindi kile gizani kwa herufi zetu, vile masikio yalivyomletea, na kesho yake anarudi kuangalia filamu ile ile mpaka mlinda mlango akamzoea. Chini ya kila mstari aliacha mistari miwili mitupu. Karatasi ikishajaa ananipa mimi, nimpelekee Urmila.

Mimi, Sitara, nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza ya duka la vitambaa la Bwana Kantilal, Mtaa wa Mchikichi. Mtu akinunua kitambaa cha doria ndani, anatoka nje namkatia gauni. Nyumba yenyewe, duka chini, familia juu na wapangaji uani, ilikuwa ya Kantilal mpaka serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha. Tangu hapo akawa mpangaji kwenye nyumba aliyoijenga baba yake. Sikumlilia sana, maana mimi nimekuwa mpangaji tangu nizaliwe na hakuna aliyenililia. Ila tangu mwaka ule alikuwa mtu wa kusema polepole na kutazama kuta. Mkewe, Lilavati, alikuwa na kaka zake Uingereza, na mazungumzo ya juu yote yakawa ni ya kuhama.

Urmila alikuwa dada yake Kantilal. Aliolewa Morogoro na kijana aitwaye Chandu, na kabla ndoa haijazoeleka Chandu akafa kwa homa. Akarudishwa kwa kaka yake na sari nyeupe. Sisi mwanamke akifiwa na mume anakaa eda, na eda ina mwisho wake: siku ikifika anaoga, anavaa, anajipaka wanja, na mwenye kupeleka posa anapeleka. Yeye walimvunjia bangili mikononi siku ya msiba na hakuna aliyempangia siku ya kuvaa nyingine. Sinema haendi. Kwenye harusi hatakiwi, eti atamletea bibi harusi mkosi. Nilimweleza habari ya eda siku moja akinishikia kitambaa nikate. Akaniuliza mara mbili kama ni kweli inaisha.

Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kariakoo, cha kuzaliwa nacho, na kejeli zake ndani. Karatasi za Awadhi zilimfurahisha kupita kiasi. Ndiyo ilikuwa sinema yake. Nazipandisha juu ndani ya mabaki ya vitambaa, naye kabla hajaandika lolote ananiimbia wimbo mzima kwa sauti ya chini, anacheka pale Awadhi alipokosea kusikia, anamsahihishia. Halafu mstari wa kwanza mtupu anaujaza kwa wino: neno kwa neno, kila neno la Kiswahili limekaa chini ya la Kihindi. Mstari wa pili anaujaza kwa penseli. Hapo ndipo anapoweka maelezo: kwamba mvua kwao katika nyimbo ni mapenzi, kwamba ua fulani halipelekwi kwa mke wa mtu, kwamba hapa anayesemwa ni mama mkwe ingawa hatajwi. Alinipa na masharti nimfikishie Awadhi. Wino ni wako. Penseli ukishaelewa, futa.

Nilimfikishia neno kwa neno. Awadhi akaweka mkono kifuani, akasema nimwambie dada yule asiwe na wasiwasi.

Karatasi zikaenda na kurudi, na maelezo ya penseli yakawa marefu. Mimi sikuyasoma mwanzoni, ila nilikuwa naona jinsi yanavyopanda pembeni mwa karatasi kutafuta nafasi. Kisha ikaja karatasi ya wimbo wa mwanamke anayemsubiri mume aliyesafiri, na hiyo niliisoma, kwa sababu Urmila alinipa bila kuikunja na hakuniangalia usoni. Kwa wino aliandika kinachoimbwa: taa naiwasha, njia naitazama, mpenzi kawia lakini rudi. Kwa penseli, chini yake, aliandika hivi: "Huyu ana raha, wa kwake yuko safarini. Mimi nakula wa mwisho, jikoni, nimesimama. Wageni wakija nafungiwa mlango, kukiwa na harusi zaidi. Sitara anasema eda yao inaisha. Yangu haiishi. Nimevishwa sanda ningali hai."

Nilimwuliza kama anataka hayo yaende kwa Awadhi. Akasema mtu anayeeleza wimbo lazima aeleze na kinachomuuma, la sivyo mwenzake ataimba maneno matupu. Kisha akasema kwamba Awadhi ataifuta tu hiyo penseli.

Hakufuta. Kwenye mazoezi ya wiki ile Awadhi alikuja uso unang'aa, akasema Mungu kamfungulia. Tuni ilikuwa ile ile ya filamu. Maneno yalikuwa haya:

Wenzangu mkialikwa, mimi mlango hufungwa,
Nisitoke nikaonwa, harusi ikaja vunjwa.

Na sisi waitikiaji tukafundishwa kiitikio chetu: Eda yangu haiishi, sanda navaa ni hai. Nilisimama pale nikaitikia. Tulipomaliza nilimfuata nyuma ya mlango nikamwambia kwamba ameiba. Alinitazama kwa upole. Alisema jina la mtu halimo, kabila lake halimo, mwenye kusikia atadhani ni mjane yeyote wa Kiswahili, na neno lenyewe la eda ni letu. Nikamwacha pale pale, nikaenda zangu.

Nilipanda juu siku ya pili kumwambia Urmila mwenyewe, kabla redio haijamwambia. Nilitegemea alie. Akaniomba nimwimbie. Nikamwimbia. Akaniomba tena.

Na wimbo ulipoanza kupigwa redioni, sijapata kumwona mtu akifurahi kwa siri kama yule. Redio ya nyumba ilikaa jikoni. Urmila alikuwa akisonga unga wa chapati, wimbo unaanza, naye anainamisha kichwa asionekane anavyotabasamu. Uzuri zaidi, Lilavati aliupenda. Lilavati, wifi yake, aliyekuwa akimwekea chakula pembeni watu wote wakishamaliza, alikuwa anakaanga bajia huku anaimba eda yangu haiishi, na siku moja akasema kwa huruma kwamba hawa wanawake wa Kiswahili nao wana mateso yao. Urmila alinisimulia hilo mpaka akakaa chini kwa kicheko. Nami nikacheka. Nikajisemea pengine Awadhi hakukosea sana.

Wakati huo huo mambo ya kuhama yalikuwa yameiva, na Urmila alikuwa na jambo lake. Hakutaka kwenda Uingereza kuwa mpishi wa kaka zake Lilavati mpaka afe. Kulikuwa na shangazi yao mzee Kisutu, karibu na hekalu, aliyekuwa hahami, na shule ya watoto wadogo pale jirani ilikuwa tayari kumpa kazi. Alimwomba kaka yake abaki. Kantilal alifikiri siku nyingi. Mwishowe akakubali, kwa sharti moja ambalo Urmila alinirudia nalo kama mtu aliyebeba yai: kwamba mjane anayebaki peke yake hana mali nyingine ila jina lake, na jina lake likitajwa mitaani hata mara moja, atapanda ndege na wenzake. Urmila alisema jina lake nani wa kulitaja, watu wenyewe hawajui kama yupo.

Ikawadia Saba Saba. Klabu moja tu ya taarabu ilikuwa ichaguliwe kupiga viwanja vya Mnazi Mmoja, na aliyepewa kazi ya kuchagua ni kijana mmoja wa ofisi ya utamaduni, Ndugu Onesphory, mtu wa Songea, mpole, anayeandika kila kitu. Agizo alilopewa ni kwamba nyimbo za kuiga ugeni zisipate nafasi. Wale wa klabu ya mtaa wa Gerezani, ambao hawajapata kutuombea mema, wakampelekea maneno kwamba "Eda" ni filamu ya Kihindi iliyofasiriwa mstari kwa mstari. Akaitisha kikao klabuni kwetu, asubuhi, watu wa klabu zote mbili wakajaa hadi ngazini.

Awadhi angeweza kusema mengi. Angeweza kusema tuni ni ya kuazima, maneno ni yangu, na wakamwamini au wasimwamini. Angeweza kuuacha wimbo akaleta mwingine. Kilichokuwa kinapotea pale ni siku moja ya kuimba mbele ya watu wakubwa. Alisimama, akajibu vizuri, lakini mzee mmoja wa Gerezani akacheka akasema Awadhi tangu lini akatunga, sote tunajua wino wake umekauka. Watu wakacheka. Nilimwona Awadhi akibadilika uso. Akaingia ndani, akarudi na karatasi.

Niliijua kabla hajaikunjua. Nikainuka, nikamvuta kanzu, nikamwambia kwa sauti ya chini airudishe.

"Da Sitara, kaa," akasema. "Hapa tunaokoa jina la klabu."

Akamwonyesha Ndugu Onesphory kwa kidole. Juu, filamu. Katikati kwa wino, tafsiri ya filamu. Chini kwa penseli, kitu kingine kabisa, na wimbo wetu umetoka huku chini, si huku juu. Ni maisha ya mjane wa hapa hapa Kariakoo, akasema, mjane wa Kihindi, mwananchi mwenzetu, na yeye Awadhi ndiye aliyeyapa maisha hayo ushairi. Aliyasoma kwa sauti, yote, jikoni na kusimama na sanda. Aliyasoma vizuri, kwa sababu sauti anayo.

Ndugu Onesphory alikuwa mtu wa haki, na haki yake ndiyo iliyomaliza kazi. Alisema yeye Kihindi hakijui, hawezi kuthibitisha kwamba mstari wa chini haumo kwenye filamu. Atafutwe mtu anayekijua, asiye wa klabu hii wala ile. Mtu mmoja akasema Mhindi wa karibu ni yule wa duka la vitambaa hapo mtaa wa pili. Nikasema hapana, nikasema aitwe mwingine, nikasema yule ana kazi nyingi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Walikwishamtuma mtu.

Kantilal alikuja na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akidhani labda klabu inataka vitambaa vya sare. Ndugu Onesphory alimkaribisha kiti, akamweleza kwa heshima, akampa karatasi. Alivaa miwani. Alisoma mstari wa juu, akatikisa kichwa kuukubali. Alisoma wa wino. Kisha akafika kwenye penseli, na nikaona mkono wake ukishuka na karatasi mpaka magotini, halafu akaiinua tena, akasoma mpaka mwisho, hadi yale maneno yaliyopanda pembeni. Dada yake alijifunza kuandika mezani kwake. Hakuhitaji kuambiwa mwandiko ni wa nani.

"Wa juu ni filamu," akasema. "Wa kati ni maana yake. Huu wa chini si filamu."

"Una hakika, ndugu?" akauliza Onesphory.

"Nina hakika."

Akarudisha karatasi kwa kuishika ncha, akavua miwani, akatuaga wote kwa adabu. Hakurudi kuuza vitambaa. Watu waliokuwa dirishani walimwona akifunga milango ya duka mchana kweupe, siku isiyo ya sikukuu, na hapo hata aliyekuwa mzito wa kuelewa akaelewa. Jua halijatua jina la Urmila lilikuwa Kariakoo nzima, kwa wauza mchicha na kwa wapiga pasi, kila mtu akitaka kujua ni yupi anayekula jikoni amesimama. Awadhi alikuwa amebebwa mabegani. Tulichaguliwa, ndiyo. Saba Saba ile tulipiga sisi.

Kantilal hakupiga wala hakutukana mtu. Aliniambia nitafute baraza nyingine, na akaomba radhi kunisumbua. Lilavati ndiye aliyelia, akasema nyumbani kwake hakuna aliyelala njaa, waulizwe majirani. Redio iliondolewa jikoni. Shangazi wa Kisutu alituma ujumbe kwamba sasa hana nafasi, na wale wa shule wakakumbuka kwamba wana mwalimu mwingine. Tiketi ya Urmila ikakatwa pamoja na za wenzake.

Nilimwona mara ya mwisho uani, anaanua nguo. Nilianza kulia mimi, naye akanipa kamba nishike, kama yeye alivyonishikia vitambaa zamani.

"Wimbo sikuuchukia, da Sitara," akasema. "Ulipokuwa unaimbwa nilikuwa natembea mji mzima na hakuna anayeniona. Awadhi alikuwa na neno langu kinywani, lingemtosha. Karatasi ilikuwa ya nini?"

Nikamwambia sijui. Mpaka leo ndilo jibu nililo nalo, na simpendi mtu anayejaribu kunipa jingine.

Kabla sijaondoka alitoa chini ya beseni karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa ya wimbo mwingine, Awadhi aliileta kabla ya kikao, filamu mpya iliyokuwa inajaza sinema. Alisema ameimaliza, nimfikishie, asije akasema kwamba Urmila alikula kazi ya mtu. Siku chache baadaye nilipita pale, mlango una kufuli, na vipande vya mbao vimegongwa dirishani.

Karatasi nilimpelekea Awadhi klabuni, mbele za watu, makusudi. Aliipokea kwa mikono miwili. Nilimwona jicho likiruka mstari wa juu, likiruka wa wino, likishuka moja kwa moja kule chini kunakomlisha. Akageuza karatasi nyuma. Akairudisha mbele, akaisogeza dirishani kwenye mwanga.

Tafsiri ilikuwa imekamilika, nzuri, neno kwa neno, wino safi. Chini yake kila mahali palikuwa peupe.

"Mbona huku hakuandika kitu?" akaniuliza.

"Hapo palikuwa pake," nikamwambia. "Andika wewe, mtunzi."

Watu walikuwa wanasikiliza. Alikaa na karatasi ile mapajani, kalamu mkononi, mpaka wapigaji walipochoka kumsubiri wakaanza kulinganisha sauti za ala zao. Kisha akaikunja, akatuambia tupige "Eda". Nikasimama mahali pangu nikaitikia.